Somo la Yordani

Yordani Haule aliingia kliniki asubuhi hiyo buti moja liko mguuni, jingine kalishika mkononi, na kicheko mdomoni.

"Kamwene, Dada Tuse. Watu wa stoo wamenipa buti la mtoto mchanga. La kulia linaingia kama kawaida, la kushoto limegoma katakata. Nimelivuta, nimelisukumia ukutani, wapi! Hebu niangalizie, pengine nimenenepa upande mmoja."

Tusekile Kyando alikuwa ameinamia chungu cha nta ya moto, ile ambayo wagonjwa wenye vidole vilivyokakamaa huchovya mikono kabla ya mazoezi. Aliitikia salamu bila kugeuka, akashusha mikono ya koti lake jeupe, akamwelekeza kitandani kwa kidevu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na minne ya mwisho aliifanyia hapa, kambi ya handaki, juu milimani Ludewa, ambako ukungu hauondoki mpaka saa tano na watu wanavaa makoti Julai nzima. Malalamiko ya mabuti alikuwa ameyasikia mengi.

Alipogeuka aliona sakafu.

Tangu mlangoni mpaka kitandani kulikuwa na nyayo mbili mbili. Moja ya buti, yenye tope. Nyingine ya soksi, nyekundu.

"Kaa chini, Yordani."

"Si nimeshakaa?"

"Usiukanyage tena huo mguu. Unanisikia? Usiukanyage."

"Kwani umefanyaje?"

Aliivua ile soksi taratibu kama mtu anayefunua sufuria asilojua lina nini. Unyayo ulikuwa umeelekea kusiko kwake. Kisigino kilitazama nje, dole gumba likatazama ndani, na juu kidogo ya kifundo ngozi ilikuwa imepasuka na kitu cheupe kimechungulia. Kuzunguka pale pamevimba, pamekuwa rangi ya zambarau iliyokwisha kugeuka kijani pembeni. Kijani kile ndicho kilichomtisha. Jeraha la leo halina kijani.

"Pole!" Neno lilimtoka lenyewe.

Yordani aliangua kicheko. "Dada! Na bango uliandika mwenyewe!"

Bango lilikuwa ukutani nyuma yake, herufi kubwa: HAPA HATUSEMI POLE. Ni kweli aliliandika mwenyewe, mwaka uliopita, baada ya utafiti kuonyesha kwamba kila pole anayopewa mgonjwa inauambia ubongo wake kuna jambo la kuogopa. Mwanzoni watu waliona ni utovu wa adabu. Baadaye walizoea. Kisha mazoea yakatoka kliniki yakaingia kantini, yakaingia mabwenini, na mwezi uliopita mpishi alipofiwa na mumewe watu walipanga foleni kumpa mkono, na kila aliyefika mbele yake akakosa la kusema.

"Hii imekupata lini?" Tusekile aliuliza.

"Ipi?"

"Hii, Yordani! Mguu!"

Aliinama akautazama kama anatazama mguu wa jirani. "Aa. Labda lile pao la chuma. Lilinigusa juzi. Juzi, au siku moja kabla."

"Na umefanya kazi?"

"Zamu tatu. Siumwi, dada. Tazama ubao."

Tusekile alitazama. Kwenye ubao wa kioo, kila mfanyakazi alikuwa na kitaa chake, kijani kwa asiyeumwa, chekundu kwa anayeumwa. Cha Yordani Haule kilikuwa cha kijani, kimetulia tuli. Vya wengine vyote pia, mia tatu na kumi na viwili. Ubao mzima ulikuwa kama shamba la chai.

Alivipitia kwa kidole safu kwa safu, akitafuta chekundu kimoja tu.

*

Miaka miwili nyuma, Yordani huyu aliletwa kliniki akitambaa kwa magoti. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa, na mgongo ulipona kwa miezi mitatu. Picha zote zilionyesha hivyo. Lakini maumivu hayakuondoka. Hakuweza kuvaa suruali bila kushikwa na mkewe. Alilala amepiga magoti sakafuni, kifua kiko kitandani. Madaktari wawili walimwambia anajifanya.

Tusekile hakumwambia hivyo. Alichukua kalamu akamchorea kichwa, na ndani ya kichwa akamchora mlinzi mwenye filimbi.

"Maumivu yako ni ya kweli," alimwambia, "ila hayapikwi mgongoni. Mgongo unapeleka taarifa tu. Anayeamua kupiga filimbi ni huyu hapa juu. Anapima kila kitu: taarifa aliyoletewa, hofu yako, maneno ya daktari, kumbukumbu ya siku ile ulipoanguka. Sasa mlinzi akishaibiwa mara moja, anapigia filimbi hata paka. Tutamfundisha upya. Polepole. Leo utainama nusu, kesho robo tatu."

Hayo hayakuwa maajabu. Wenzake walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kilemba. Ulikuwa wavu wa nyuzi nyembamba unaovaliwa chini ya kofia ngumu. Kwenye nyaraka ulikuwa na jina refu, lakini kambini walikiita kilemba, basi. Kilemba kilimsikiliza mlinzi. Kila alipoinua filimbi, kilimwahi kabla hajapuliza, kikampitishia kwenye mfupa wa sikio sauti ya Tusekile ikisema uko salama, na papo hapo kikampoza. Kila siku mlinzi alijifunza kidogo. Mwezi wa tatu Yordani alibeba gunia la viazi kutoka sokoni mpaka kliniki, akalitua miguuni pa Tusekile akilia machozi kama mtoto.

Kisha kambi nzima ikavishwa vilemba, na mainjinia wakaviunganisha vikasikilizana, ili alichojifunza kichwa kimoja vichwa vingine viazime. Somo la Yordani, ndivyo walivyoliita. Tusekile aliweka sahihi bila wasiwasi.

Na akaongeza lake. Handakini hakuna anayejifunza kwa karatasi. Pao la chuma la nusu tani huinuliwa kwa kuitikia: mwitishaji anaita, kikosi kinajibu, na kwenye jibu wote wanasukuma pamoja. Yordani ndiye aliyekuwa mwitishaji wa zamu A. Tusekile alimwomba atie somo ndani ya wito, nao wakalipenda.

"Kuna niniii?"

"Hakuna!"

"Kuna niniii?"

"Hakuna!"

Mara elfu kwa siku, zamu zote tatu. Alikusudia maumivu ya kale, yale ya paka. Lakini wito wa handakini huitwa wakati chuma kinapokandamiza vidole, cheche zinaporuka, mawe yanapodondoka. Mlinzi hakufundishwa kuchagua. Alifundishwa kunyamaza.

Haya yote Tusekile aliyaelewa kwa mkupuo mmoja, ameshika kisigino cha Yordani mkononi, na Yordani anapiga mluzi.

*

Saa mbili na nusu zamu A waliingia ukumbini kunyoosha viungo, kama desturi ya kila asubuhi wakitoka handakini. Watu arobaini na sita pamoja na Yordani, ambaye alikuwa amefungwa gango na kulazwa kwenye mkeka pembeni akisubiri gari la wagonjwa. Walimtania.

"Mwitishaji, umelala mapema! Mkeo kakunyima usingizi?"

"Buti limenikataa, bwana."

Tusekile hakuwaanzishia mazoezi. Aliwaambia wakae kwenye mabenchi, wavue mashati na mabuti, akaanza kupita. Alitumia macho na vidole, kama walivyofanya zamani kabla ya ubao.

Mtu wa tatu, kiganja kimeungua mpaka nyama, kimefungwa tambara la kufutia mashine. Wa saba, mbavu mbili zinacheza chini ya vidole kama funguo za kinanda. "Zinatekenya, dada," akasema. Wa tisa, jino limekatika, kipande kimejikita ulimini. Kila mmoja alimtazama usoni kwa upole, kila mmoja alikuwa mzima kabisa kwa hesabu ya ubao. Tusekile akaanza kubonyeza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Alitamani mmoja tu aseme aah.

Kwenye benchi la pili alikuwa Sekela Mgaya, mwanamke mchomeleaji, mwenye ulimi mkali kuliko kikosi kizima.

"Unatupapasa kama kuku wa sikukuu, Dada Tuse. Nani anachinjwa?"

"Lala chali, Sekela."

"Mbele za watu? Niposwe kwanza."

Wenzake walicheka. Tusekile aliweka kiganja tumboni pake, na kicheko kikawa kama kinatoka mbali. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kufulia. Alibonyeza, akaachia ghafla. Mtu yeyote mwenye tumbo la namna hiyo angeruka mpaka darini. Sekela alipiga miayo.

"Umekula lini?"

"Jana. Sina hamu tu. Na baridi kidogo, lakini hapa nani hana baridi?"

Kipimajoto kilisema thelathini na tisa nukta nane. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, pengine tangu jana, na usaha ulikuwa unatembea ndani ya mwanamke anayetania.

Gari lilipofika alimpandisha Sekela badala ya Yordani. Dereva aliuliza kama mgonjwa anaweza kukaa mbele, maana anaonekana hana tatizo.

Alipomaliza mabenchi yote alikuwa na majina kumi na moja. Kumi na moja kati ya arobaini na sita. Na waliobaki? Zamu B walikuwa wameshaingia handakini. Zamu C walikuwa wametawanyika vijijini, wengine mashambani, wengine wamelala. Zaidi ya watu mia mbili na sitini, na yeye ni mmoja mwenye mikono miwili. Kidonda kinaonekana. Tumbo halionekani.

"Dada," Yordani alimwita kutoka mkekani. "Na wewe huo mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Koti limegandamana."

Tusekile alivuta mkono wa koti. Haukuja. Ulikuwa umeshikwa na nta, na alipouvuta kwa nguvu ulitoka na kitu kingine ambacho hakikuwa nta. Kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo, ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana, yenye maji. Kila asubuhi alipima nta kwa kiwiko chake, kama mama anavyopima maji ya mtoto. Alikimbilia chunguni, akasoma kipimo. Inapaswa kuwa hamsini na mbili. Kilisoma themanini na moja. Asubuhi hii ameingiza kiwiko, akasubiri mlinzi aseme, mlinzi akanyamaza, akaona bado haijapata moto, akakiacha.

Alijishika kichwani. Wavu ulikuwa pale, chini ya kitambaa, aliouvaa tangu siku ya kwanza ili sauti yake iwaongoze wengine. Mlinzi wake yeye ndiye aliyelala kabla ya wote.

Alikaa sakafuni, akaanza kujipapasa tumbo, shingo, matiti, kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya nguo. Ni nini kingine kimo humu? Tangu lini?

*

Meneja Mlelwa alipokea simu mlio wa kwanza.

"Nimesikia, Mtaalamu. Kumi na mmoja watatibiwa. Wengine waite mmoja mmoja, uwapime, wiki mbili tatu utakuwa umemaliza."

"Wiki tatu watakuwa wamekufa. Sekela angekufa leo usiku huku anaimba. Meneja, kuna wengine kama yeye, siwajui na hawajijui. Hakuna daktari wa kuwatafuta wote hao leo. Ni maumivu yenyewe tu yanayoweza kuwatafuta. Niache nimwamshe mlinzi."

"Kwa wote?"

"Kuvua kilemba hakusaidii, somo limeshakaa vichwani. Na somo ni moja. Haliondoki kwa mmoja likabaki kwa mwingine."

Meneja alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Na mimi ninavaa kilemba, Tusekile. Unajua? Kichwa changu. Miaka kumi na minne nilikuwa natapika kwenye ndoo kila Jumatatu. Tangu Machi sijaumwa hata siku moja. Wanangu wananijua sasa. Usiniguse." Akakohoa. "Naagiza mafundi wakufungie sauti. Saa nne kamili hutaweza kuita chochote."

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano.

Tusekile akampigia mama yake.

Bibi Atuganile Kyando alikuwa Bulongwa, nyumbani, na kichwani alikuwa na kilemba ambacho hakikuandikwa kwenye daftari la mtu. Binti yake alikipeleka mwenyewe, ndani ya mfuko wa unga. Mguu wake wa kulia ulikatwa kwa sababu ya kisukari, miaka tisa iliyopita, na tangu siku ile mguu ambao haupo haukuacha kuungua. Alikuwa akiamka na kulipiga godoro kwa fimbo mahali ulipopaswa kuwa. Kilemba kilipofika alilala siku mbili mfululizo, majirani wakadhani amekufa.

Tusekile alimweleza yote, upesi, bila kuficha. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watu ni ndugu zetu?"

"Hapana, mama."

"Wanakujua kwa ubini?"

"Baadhi yao."

"Mimi nimekuzaa."

"Ndiyo, mama."

"Basi usinifanyie hivyo, mwanangu. Sisemi kwa ubaya. Wewe hukuwahi kukaa ndani ya ule moto. Uliniona nikiwa ndani tu. Kuona si kukaa. Niombe jambo jingine lolote. Niambie nihame nyumba, nitahama. Niambie nife, nitafikiria. Hilo hapana."

"Mama, kuna mtu tumbo lake limepasuka na anacheka."

"Acha acheke!" alipiga kelele Bibi Atuganile. Kisha akaanza kulia, akakata simu.

Tusekile alibaki ameshika simu sikioni. Miaka yote alikuwa amewaambia wagonjwa kwamba hakuna atakayemlazimisha mtu hatua asiyoitaka. Hatua ni yako, mimi natembea kando yako. Ndiyo iliyokuwa nguzo ya kazi yake. Na sasa alikuwa anataka kuwasukuma watu mia tatu ndani ya shimo, na mama yake akiwa miongoni mwao, eti kwa faida yao. Wagonjwa wote waliowahi kuumizwa na waganga waliambiwa maneno hayohayo, kwa faida yako.

Akafumba macho akaliona tumbo la Sekela. Akayaona matumbo mengine asiyoyajua, handakini, mashambani, kwenye vitanda, yakiwa magumu, na wenye matumbo wanauliza chakula cha mchana ni nini. Hao nao hakuna aliyewauliza. Yeye ndiye aliyewanyamazishia mlinzi, na hakumwuliza hata mmoja kama anataka kunyamazishiwa hata filimbi ya kweli.

Saa tatu na dakika arobaini na nane alirudi ukumbini, akasimama mbele ya kipaza sauti kilichounganishwa na vilemba vyote.

*

"Ndugu zangu," alisema, "nitawaambia ninachotaka kufanya kabla sijafanya." Akawaambia.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee mmoja wa kuchimba, mwenye kiganja kilichoungua, alisimama akakaa, akasimama tena. "Dada, usitufanyie hivyo," alisema. Wengine wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mtu akasema wamfunge mdomo. Mwingine akasema hapana, asikilizwe. Katikati ya kelele hizo Tusekile aliona kitu kikiinuka pembeni.

Yordani alikuwa amesimama.

"Yordani, lala chini."

"Ngoja nije tuzungumze, dada." Alitabasamu. Usoni alikuwa na amani ileile ya siku ya gunia la viazi. Alifungua mikanda ya gango kwa mikono yake, akaliweka kando vizuri, kama mtu anayekunja nguo. Kisha akapiga hatua.

Ukumbi mzima ulisikia. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kijiti kibichi.

"Usitembee! Mungu wangu, mtu amshike!"

Hakuna aliyesogea. Pengine waliona anatembea tu. Mtu asiyeumwa anatembea. Yordani akapiga hatua ya pili. Mguu ulikunjika pale ambapo mguu haukunjiki, akajiweka sawa, akaendelea.

"Nilikuwa nalala nimepiga magoti," alisema kwa upole, akija. "Unakumbuka? Mke wangu alikuwa ananivalisha suruali. Sirudi kule, dada. Nipe hicho kipaza sauti. Sitakuumiza. Nipe tu."

Hatua ya tatu. Nyuma yake mstari mwekundu ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Tusekile alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakuwahi kumwogopa binadamu kama alivyomwogopa mtu huyu mpole anayekuja akitabasamu, anausaga mguu wake mwenyewe kila hatua na hajui. Akipiga hatua nyingine tano hakutakuwa na mguu wa kuunga. Na hakuna neno la duniani litakalomsimamisha. Kuna mmoja tu anayeweza kumsimamisha, naye yuko usingizini, na yeye Tusekile ndiye aliyemlaza.

Akajua vilevile kwamba lazima apitie kichwani kwake kwanza. Somo halikuwa na njia nyingine. Mwalimu ndiye wa kwanza kulisikia. Na hakujua mwili wake umemwekea nini.

Akapiga moyo konde, akabonyeza.

"Zamu B, mlio ndani," alisema, na sauti yake ikawafikia kwenye mifupa ya masikio, maili nne ndani ya mlima. "Zimeni mashine. Shukeni majukwaani. Kaeni chini, mgongo ukutani. Zamu C, popote mlipo, kaeni. Shikaneni mikono kama yupo wa kumshika." Alivuta pumzi. Alilazimika kusema kweli, na aiseme vizuri, maana maumivu anayoyajua mtu sababu yake hayamtafuni kama yasiyo na jina. Hilo nalo lilikuwa sayansi. "Nilimlaza mlinzi wenu. Nilikosea. Sasa namwamsha. Yatawajia maumivu. Mengine ni ya kale na hayana hatari. Mnayajua, tuliyafundisha pamoja, tutayafundisha tena. Mengine ni mapya. Hayo mapya yanawaambia jambo la kweli. Msiyakimbie. Niambieni tu yako wapi."

Yordani alikuwa amefika umbali wa kunyoosha mkono.

"Kuna nini?" aliita Tusekile.

Walijibu kwa mazoea, ukumbini na ndani ya mlima, kama ngurumo: "Hakuna!"

"Kuna," alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna..." Safari hii wachache.

"Kuna. Wapi?"

Ndani ya mwili wake mwenyewe ndiko jibu la kwanza lilikotoka: mkono wa kulia uliwaka.

Haukuanza kidogo. Ulikuja wote kwa pamoja, asubuhi nzima ikamwagwa juu ya ngozi mara moja, na mdomo wake ukafunguka bila sauti. Akasubiri kingine. Akajisikiliza mwili mzima kwa hofu, tumbo, kifua, kichwa, huku mkono unaungua. Hakikuja kingine. Mkono tu. Akayashukuru maumivu yale kama mtu aliyehesabu watoto wake akawakuta wote.

Mbele yake uso wa Yordani ulibadilika. Tabasamu lilibaki kidogo, halijui liende wapi. Akautazama mguu. Akaanguka upande, na watu wawili waliokuwa wamesimama tu tangu mwanzo walimdaka kabla hajafika chini. Alilia kwa sauti ambayo Tusekile hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, na katikati ya kilio hicho akapata neno.

"Hapa! Dada, hapa!"

"Hapa," alisema mzee wa kiganja.

"Hapa." "Na hapa." "Mimi hapa, mbavuni, Yesu wangu." Kwenye spika sauti zilianza kutoka mlimani, moja, nne, ishirini, zikapandana. Ubaoni kijani kilikuwa kinapasuka pasuka, njano huku, nyekundu kule, na nyekundu tatu zilikuwa zimekaza bila kupepesa, watu watatu wa zamu C ambao hakuna aliyewahi kuwashuku. Majina yao yalikuwa pale, yameandikwa wazi. Tusekile aliyasoma kwa sauti mara mbili, na mtu mmoja akakimbia nje kuyapeleka kwa dereva wa gari la stoo.

Simu ilitetemeka mfukoni. Aliitoa kwa mkono wa kushoto.

Kwanza hakusikia maneno. Alisikia pumzi, na kitu kinachopigwa, kitu kizito kwenye godoro.

"Tuse."

"Naam, mama."

"Vidole." Pumzi. "Vyote vitano. Vimejikunja, havikunjuki."

"Nakusikia, mama."

"Ulifanya."

"Nilifanya."

Fimbo ilipiga, ikapiga tena. Ukumbini watu walikuwa wanamwita kutoka kila upande, wameshikilia sehemu zao, wakimtazama yeye.

"Siwezi kuja leo, mama," alisema. "Wako arobaini na watano hapa."

Bibi Atuganile alihema, fimbo ikapiga mara nyingine.

"Usikate simu," alisema mwishowe.

Tusekile hakukata. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akachukua mkasi wa bandeji kwa mkono mzima, akapiga magoti karibu na mguu wa Yordani.